Beetle ya Kila Siku Nairobi Msimu wa Jua Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Beetle yangu ni 1300 ya mwaka 1969. Baba aliinunua mwaka 1978 ikiwa tayari ya mkono wa pili, mimi nikairithi, na leo ndiyo inayonipeleka kazini siku tano kwa wiki, kutoka Kahawa Sukari hadi Upper Hill na kurudi. Kila ninapoegesha watu hunijia na maswali, na kuanzia Januari hadi Machi, kabla mvua ya masika haijaanza, maswali mengi huwa ya joto. Haya hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Majibu ni ya Volkswagen Beetle ile ya zamani, yenye injini nyuma na inayopozwa kwa upepo.

Kweli gari la zaidi ya miaka 50 linaweza kutumika kila siku Nairobi?

Linaweza. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Liliundwa kwa wingi mno, zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Ndiyo maana vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa vipya.

Ila lina sharti. Gari la kisasa unaweza kulisahau hadi siku ya sevisi. Beetle inataka macho yako kila wiki. Mimi Jumapili jioni hufungua kifuniko cha nyuma, napima oili, nabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, kisha naipapasa mipira ya petroli mmoja mmoja. Dakika kumi zinatosha. Asiyeweza kuzipata dakika hizo kumi, namshauri kwa moyo mweupe atafute gari jingine.

Halina rejeta. Basi linapoa vipi?

Linapoa kwa upepo na kwa oili, na vyote viwili vina uzito sawa.

Fungua kifuniko cha nyuma utazame. Utaona dainamo juu ya injini, na nyuma yake nyumba kubwa ya bati iliyoviringana. Ndani ya nyumba hiyo mna feni. Feni hiyo imefungwa kwenye shafti ya dainamo, na dainamo inazungushwa na mkanda mmoja tu kutoka kwenye injini, kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kasi ya injini yenyewe. Feni huvuta hewa baridi kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, ikaisukuma chini kwa nguvu juu ya silinda nne. Silinda hizo zina mapezi membamba ya chuma, na hewa ikipita katikati ya mapezi hubeba joto na kutokea chini ya gari.

Oili nayo huzunguka ndani ikichukua joto kwenye sehemu ambazo upepo haufiki, kisha inapita kwenye kipoza oili kilicho ndani ya njia ileile ya upepo. Injini nzima ina lita mbili na nusu tu za oili. Ukipungukiwa na nusu lita, umepoteza moja ya tano ya kile kinachoipoza injini yako kutoka ndani.

Kwa hiyo mtu akikwambia Beetle haiwezi kuchemka kwa kuwa haina maji, muelewe vizuri. Maji hayatachemka kwa sababu hayamo, lakini chuma kitaungua, na hakuna mvuke utakaokuonya.

Nairobi si Garissa wala Lodwar. Kwa nini joto liwe taabu?

Swali zuri. Hata Februari jua la Nairobi ni la nyuzi 27 au 28 hivi, na Beetle zimeishi maisha marefu mahali palipo na joto kuliko hapa. Kinachosahaulika ni mwinuko. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Limuru unapita mita 2,200. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwa Nairobi, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Feni yako inasukuma kiasi kilekile cha hewa, lakini hewa hiyo ina uzito mdogo, na ni uzito huo unaobeba joto.

Papo hapo injini yenyewe inavuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu zake zinapungua, na dereva anakanyaga mafuta zaidi ili aende na wenzake pale Thika Road. Joto linaongezeka huku kinachoondoa joto kikipungua. Ndiyo maana nasema gari hili huku kwetu halina ziada ya kuchezea. Kila bati na kila mpira wa upepo lazima uwe mahali pake.

Fundi anasema yale mabati yanayozunguka injini hayana kazi, tuyatoe ipate hewa. Ni kweli?

Si kweli, na ningependa swali hili lisomwe na kila mwenye Beetle hata kama hatasoma jingine lolote.

Mabati hayo yana kazi mbili. Ya kwanza ni kutenganisha vyumba viwili: juu hewa baridi, chini hewa moto. Kuzunguka injini yote pana bati, na ukingoni mwa bati hilo pana mpira unaogusana na mwili wa gari. Bati likitolewa au mpira ukioza, hewa iliyokwisha kupashwa moto na silinda na ekzosi hupanda tena juu, feni ikaivuta kwa mara ya pili. Ni kama mtu anayejipepea akiwa amejifunika blanketi. Kazi ya pili hufanywa na vibati vidogo vya chini, vilivyo katikati ya silinda. Hivyo hulazimisha upepo uzikumbatie silinda pande zote kabla ya kutoka. Vikikosekana, upepo hushuka moja kwa moja na upande wa chini wa silinda hubaki bila upepo.

Nayajua haya kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari likafanyiwe injini upya. Nilipokwenda kulichukua, chumba cha injini kilikuwa kimekaa wazi, kisafi, hata nikakisifu. Nikauliza yale mabati meusi yako wapi. "Mama, hizo ni mzigo tu," fundi akaniambia. "Nimekutolea ipumue." Vilevile alikuwa ameng'oa ile mipira miwili minene inayotoka kwenye nyumba ya feni kwenda kwenye hita, na matundu yake akayaacha wazi. Sikujua kwamba kupitia matundu hayo upepo uliokusudiwa silinda ulikuwa unatoroka.

Majuma mawili hayakuisha. Tulikuwa tunarudi kutoka Naivasha, watoto wangu wawili kiti cha nyuma, tunapanda ule mlima wa Mai Mahiu nyuma ya lori. Kwanza nikasikia nguvu zinaisha, kisha mlio mkavu kama kijiko kinachogonga sufuria, halafu kishindo kimoja. Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imekatika kichwa na kutoboa pistoni. Tulisukumwa hadi ukingoni mwa barabara, na vijana wakaja mbio na mitungi ya maji kama wanavyofanya kwa kila gari linalochemka pale. Walizunguka gari mara mbili wakitafuta pa kumimina.

Silinda ya tatu haikuchaguliwa na bahati mbaya. Kwenye injini za miaka ya 1960 kipoza oili kimesimama juu yake, kwa hiyo inapata upepo uliokwisha kupashwa moto. Volkswagen walilirekebisha hilo kuanzia magari ya mwaka 1971, wakakihamisha kipoza na kukipa njia yake ya upepo. Kama injini yako ni ya kabla ya hapo, kama yangu, silinda hiyo ndiyo ya kwanza kufa mabati yakikosekana.

Nilihangaika miezi minne kukusanya mabati mengine, kipande kimoja kimoja, kwa wauza vyuma vya zamani. Sasa kila gari likitoka kwa fundi, kabla sijalipa, naingiza mkono nikipapasa ukingo wote wa mpira. Kidole kikipita mahali na kugusa baridi ya nje, kazi haijaisha.

Kwenye jam, nizime injini au niiache?

Iache ingurume. Hapa Beetle ina heri kuliko magari mengi ya zamani yenye rejeta. Feni yake haingoji gari litembee. Mradi injini inazunguka, feni inazunguka, na injini isiyofanya kazi nzito haitoi joto jingi. Pale Pangani au mzunguko wa Nyayo Stadium nimekaa dakika arobaini nikisogea hatua kwa hatua, na geji ya oili haikupanda kwa kiasi cha kunitisha.

Ukizima, feni inasimama papo hapo huku joto la silinda likipanda kuelekea kabureta na pampu ya petroli. Dakika tano baadaye unataka kuwasha na gari linakataa. Zima tu ikiwa askari amefunga barabara na hakuna dalili ya kusonga. Vivyo hivyo ukitoka kwenye mwendo mrefu au mlima, usizime mara tu unapoegesha. Acha ingurume dakika moja hivi.

Mlimani nitumie gia gani?

Ya chini kuliko unavyodhani. Wengi hung'ang'ania gia ya nne kwa kuwa injini haipigi kelele, wakidhani wanaihurumia. Kumbe kwenye gia kubwa injini inazunguka polepole, feni pia polepole, na mguu umekanyaga mafuta hadi chini: joto jingi, upepo kidogo. Ingia gia ya tatu, au ya pili, injini izunguke kwa wepesi, na mguu uwe mwepesi pia. Lori likikupita, likupite.

Adui mwingine ni barabara nyoofu. Thika Road ukienda kilomita 100 kwa saa mchana wa Februari, tena kwa nusu saa mfululizo, unaichosha injini hii kuliko jam yoyote. Mimi hukaa kwenye 80, upande wa kushoto.

Taa nyekundu ya chaji imewaka nikiendesha. Nifike nyumbani kwanza?

Hapana. Simama hapo hapo ulipo, mara tu unapopata pa kuweka gari kando. Kwenye gari jingine taa hiyo inakwambia betri haichajiwi na unaweza kujikongoja hadi kwa fundi. Kwenye Beetle huenda mkanda umekatika, na mkanda ndio unaozungusha feni. Kilomita tatu bila feni zinatosha kuua injini.

Kubadilisha mkanda ni kazi ambayo kila dereva wa gari hili anapaswa kuiweza, awe na nguvu au asiwe nazo. Unahitaji mkanda wa akiba, spana ya 21 na bisibisi nene. Puli ya dainamo ina pengo ukingoni. Ingiza bisibisi kwenye pengo hilo iegemee skrubu ya dainamo ili puli isizunguke, kisha fungua nati kwa spana. Puli inagawanyika nusu mbili, na katikati yake mna vibati vyembamba vya mviringo. Hivyo ndivyo vinavyokaza mkanda: ukivipunguza katikati mkanda unakaza, ukiviongeza unalegea. Vile usivyovihitaji viweke upande wa nje wa puli, chini ya nati, visipotee. Mkanda ukikaa sawa, ukiubonyeza kwa kidole gumba unaingia kama sentimita moja na nusu. Ukikaza kupita hapo utaharibu beringi za dainamo. Zungusha puli kwa mkono mara kadhaa kabla ya kukaza nati, mkanda usibanwe katikati ya nusu mbili.

Binti yangu alijifunza akiwa na miaka kumi na mitatu.

Gari halina geji ya joto. Nitajuaje limezidi?

Geji ya joto la oili ni kitu cha kwanza ningenunua, kabla ya redio, kabla ya rangi. Oili ikiwa kati ya nyuzi 80 na 100 uko salama. Ikipita 110 punguza mwendo, na ikikaribia 120 tafuta kivuli.

Bila geji, tumia kile kijiti cha kupimia oili. Ukiwa umetoka safari, kivute na ukishike katikati ya vidole. Ukiweza kukishika, joto ni la kawaida. Ukikiachia kwa kuungua, limezidi. Dalili nyingine ni taa ya oili inayopepesa ukisimama kwenye taa za barabarani baada ya mwendo mrefu, maana oili imekuwa nyepesi kama maji. Ikizima unapokanyaga mafuta kidogo, lipoze gari na upime oili. Isipozima, zima injini.

Harufu nayo inasema. Oili ikidondokea kwenye ekzosi hutoa harufu nzito ya kukaanga, na ukiishi na gari lako utaitofautisha na ya petroli mbichi kabla hujafungua mlango.

Injini imepata moto kupindukia. Niimwagie maji?

Kamwe. Silinda hedi ni za alumini na zitapasuka. Fungua kifuniko, kaa kivulini, ngoja nusu saa au zaidi.

Wengine huacha kifuniko cha injini wazi kwa kukiwekea kipande cha mti. Inasaidia?

Gari likiwa limeegeshwa, ndiyo, joto linatoka upesi. Likiwa linatembea, mimi sifanyi. Ukiacha mwanya kwa chini unaifungulia njia hewa yenye joto la lami na la ekzosi iingie kwenye chumba ambacho kinatakiwa kuwa na hewa baridi. Ukiona gari lako linahitaji kipande cha mti ndipo lipoe, kagua mipira na mabati.

Nitumie oili gani, na nibadilishe baada ya muda gani?

Oili ya madini ya 20W-50 inalifaa gari hili kwa hali yetu. Kitabu kinaruhusu hadi kilomita 5,000, lakini injini hii haina filta ya oili, ina wavu tu chini, na kwa jam na vumbi letu mimi hubadilisha kila kilomita 3,000. Wavu huo uoshwe kila mara. Umeshikwa na nati sita ndogo za spana ya 10. Zikaze kwa kiganja tu. Wengi wamevunja skrubu hizo kwa nguvu, kisha oili ikavuja mpaka barabarani.

Valvu zirekebishwe lini?

Kila kilomita 5,000, na injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.15 kwa injini za 1300, 1500 na 1600. Fundi akitaka kurekebisha saa nane mchana mara tu ulipofika, mwambie utaliacha gari mpaka asubuhi.

Nafasi ikibana, valvu haifungi sawasawa, na valvu hupoa pale inapogusa kiti chake tu. Isipogusa, inaungua. Valvu inayopiga kelele kidogo ina nafasi na itaishi. Ile iliyonyamaza ghafla ndiyo ya kuogopwa.

Likiwa baridi linawaka mara moja. Likiwa moto linakataa. Kwa nini?

Sikiliza kwanza linakataa vipi, maana ni magonjwa mawili tofauti.

Ukigeuza ufunguo usikie "ta" moja kisha kimya, tatizo ni umeme wa stata. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, lakini waya wa kuamsha stata husafiri hadi mbele kwenye swichi ya ufunguo, halafu unarudi nyuma tena. Baada ya miaka hamsini, sehemu kubwa ya nguvu inapotelea njiani, na stata ikiwa moto inahitaji nguvu zaidi. Dawa ni rilei moja, yaani swichi ndogo ya umeme, ifungwe karibu na betri. Ni kazi ya fundi umeme isiyofika saa moja. Nilisukumwa na majirani karibu mwaka mzima kabla ya mtu kunieleza hili.

Ikiwa stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu au bomba lake. Hutokea ukiwa umesimama dakika kumi hivi, ukaingia dukani ukatoka. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, pampu tu, ngoja kidogo, kisha washa mguu ukiwa umekanyaga mafuta nusu bila kupigapiga. Likiwa na tabia hiyo kila siku, hakikisha bomba la petroli halikugusana na chuma chenye moto, na mpira wake unapita mahali pake pa asili.

Nimerekebishiwa kabureta kwa hewa ya Nairobi. Naweza kwenda nayo Mombasa?

Hapa angalia sana. Huku juu hewa ni pungufu, kwa hiyo mchanganyiko huwa na petroli nyingi. Plagi zinatoka nyeusi na gari linanusa. Fundi mzuri huweka jeti ndogo zaidi, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, na gari linachangamka. Lakini ukishuka na jeti hiyo hadi usawa wa bahari, hewa inakuwa nyingi na petroli inakuwa kidogo. Mchanganyiko mkavu unaungua kwa joto kali. Unateremka kilomita 480 kuelekea joto la Voi na Mariakani huku injini ikizidi kukauka.

Mimi hubeba jeti ya asili kwenye kibweta cha mbele na kuirudisha kabla ya safari. Vilevile kwa anayeshuka Magadi, maana ziwa liko kama mita 600 tu, na kurudi ni kupanda mfululizo hadi Kiserian. Mlima huo mimi huungoja jua lianze kuinama.

Petroli isiyo na risasi haiharibu injini?

Kwa Beetle, usihofu. Risasi iliondolewa kwenye petroli yetu mwanzoni mwa mwaka 2006, na viti vya valvu vya injini hii ni vya chuma kigumu kilichopachikwa kwenye hedi. Petroli ya kawaida ya kituoni inatosha.

Nimesikia Beetle hushika moto. Ni kweli?

Ni kweli, na karibu kila mara chanzo ni mpira wa petroli wa shilingi chache. Petroli inapanda karibu na disitributa, na joto la chumba cha injini hukausha mpira hadi unapasuka. Badilisha mipira yote kila mwaka, hata ikionekana mizima, na kila kiungo kiwe na klipu. Ile filta ndogo ya plastiki ambayo mafundi hupenda kuining'iniza juu ya injini ihamishwe nje ya chumba hicho, karibu na giaboksi. Uzito wake hutikisa mpira mpaka unachomoka.

Moto mwingine unatoka chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri abiria akikaa, cheche zinashika katani ya kiti. Betri iwe na kifuniko. Nakiangalia hicho kila ninapopakia watu wazima nyuma.

Beba mtungi wa kuzimia moto wa unga, mbele karibu na miguu yako. Kiwiliwili cha injini kina magnesi (magnesium), na magnesi ikishashika moto haizimwi kwa maji.

Ndani kunakuwa tanuri. Nifanye nini bila kiyoyozi?

Kwanza hakikisha joto ni la jua na si la injini. Beetle hupasha ndani kwa hewa inayopita kwenye ekzosi, na milango midogo ya hita ikikwama wazi kwa kutu, miguu yako itaungua mwaka mzima. Ingia chini ya gari, sukuma vile vijiti vya hita kwa mkono uone kama vinafunga. Ukisikia harufu ya moshi ndani, usilitumie gari mpaka litengenezwe, kwa sababu moshi huo unaua na sumu yake kali zaidi haina harufu.

Hayo yakiwa sawa, fungua vile vioo vidogo vya pembetatu na uvigeuze hadi vikuelekezee upepo usoni. Kwa kilomita 40 kwa saa vinatosha. Viti vya plastiki vifunike kikoi. Egesha ukielekeza kioo cha mbele mbali na jua la mchana.

Na breki?

Nyingi zina ngoma magurudumu yote, na ngoma zikipata moto zinateleza. Ukishuka Mai Mahiu, shuka na gia uliyopandia, usiweke fri hata hatua moja. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu na unyevu huchemka.

Vipuri napata wapi?

Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, kwa mikanda, plagi, pointi, breki na mipira. Kwa mabati ya injini, zungukia wauza vyuma chakavu na uwe na subira. Kila Beetle inayokatwakatwa ina seti yake, na wakataji huyauza kwa kilo bila kujua. Wenye magari kama haya utawakuta kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, na wengi wana sanduku la vipuri nyumbani ambalo hawalitumii.

Nataka kununua moja. Niangalie nini kwanza?

Sheria hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo utanunua lililopo nchini. Logibuku ilingane na namba za chasisi na injini. Usilipe kabla hujahakikisha.

Kisha usianze na rangi. Nenda ukiwa na tochi, muuzaji akuwashie injini ikiwa baridi, na umwambie mapema asiipashe. Fungua kifuniko cha nyuma. Ukiona lami au majani kupitia kando ya injini, mabati hayapo. Shika puli ya chini kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, uivute kwako na kuisukuma. Ikicheza kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi kuu zimekwisha. Kisha endesha kilomita kumi, rudi, na uvute kile kijiti cha oili ukishike katikati ya vidole.